Maji Meupe ya Alhamisi

Mimi mdomo wangu hauna pazia, na mtaa mzima unalijua hilo. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka huu nilikaa siku tatu kimya na jambo linanichoma kooni, anayenifahamu atauliza kama nilikuwa naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa naogopa, basi.

Kazi yangu ni kutia vitambaa rangi. Nina banda lenye sakafu ya saruji, masufuria saba makubwa, mapipa sita ya plastiki, kamba za kuanikia zilizovutwa toka ukuta hadi ukuta, na wanawake wanane ambao ukiitazama mikono yao unajua jana tulitia rangi gani. Wananiita Mama Rangi. Nyuma ya banda kuna mfereji. Tangu siku ya kwanza, maji tuliyomaliza kuyatumia tuliyamwaga humo yakaenda zake bondeni. Nilikuwa nasema, maji kazi yake ni kwenda bondeni, nani amewahi kuyashitaki?

Sasa huko bondeni, hatua kama mia mbili, ndipo alipo wifi yangu, dada wa mume wangu. Ana matuta ya mchicha na kabichi ukingoni mwa mfereji, kwenye kipande cha ardhi alichopewa na manispaa kwa kibali. Masharti ni kwamba alime, na kikikauka kinachukuliwa. Alipokipata kilikuwa jalala. Alizoa chupa na matairi kwa mikono yake, akabeba udongo kichwani, ndoo kwa ndoo, mwaka mzima, mpaka mche wa kwanza ukashika. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita, na bado ukimwambia "bustani yako" anakukata jicho. "Bustani ni ya maua. Hili ni shamba."

Tulishagombana, tena sana. Mwaka mmoja alikuja bandani na kabichi yenye mishipa ya zambarau, akaibwaga juu ya meza yangu mbele ya wateja.

"Wifi, hii umeitia wewe rangi au imezaliwa hivi?"

"Shukuru," nikamwambia. "Ya rangi inauzwa ghali."

Hatukusemezana miezi minne. Mume wangu, maskini, akawa anabeba salamu na matusi huku na huku, mpaka akasema yeye si posta.

Mwisho tukapatana. Mapatano yetu hayakuandikwa popote. Mimi nikazipanga rangi kwa siku, Jumatatu nyekundu, Jumanne bluu, Jumatano kijani, na nikawa namwaga saa nane mchana tu. Yeye akawa anautazama mfereji. Maji yakija na rangi, anaziba mlango wa shamba kwa ubao na gunia. Yakitakata, anafungua, anamwagilia. Miaka sita tuliishi hivyo, na mchicha wake ukanenepa mpaka wauzaji wa sokoni wanamfuata wenyewe. Watu wakitusomesha habari za mazingira, mimi na wifi tunatazamana tunacheka. Sisi tulishamaliza kitambo, bila semina wala bango.

Mwanzo wa mwaka huu mwenye nyumba ya wageni akaniletea kazi kubwa, mashuka na mapazia, kitambaa cha bluu iliyoiva chenye maua meupe. Weupe hauwezi kuutia juu ya bluu, ni lazima uitoe bluu yenyewe. Unakunja kitambaa, unakifunga uzi, unazamisha ncha kwenye dawa ya kung'arisha, ile inayokula rangi. Ukifungua, kila ncha imekuwa ua. Aliyepima dawa ni Mizani, mkubwa wa wale wanane. Tunamwita hivyo kwa sababu anapima unga wowote kwa kiganja na hajawahi kukosea. Siku ya dawa tukaipanga Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza, saa nane, tukainamisha pipa. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe, yanapitisha jua mpaka chini. Moyo wangu ukafurahi, wallahi. Nikasema, leo angalau wifi yangu anapumzika kubeba ubao. Nikapanda juu ya tofali, nikapaza sauti ukutani.

"Wifi eee! Leo hayana rangi! Fungua, mwagilia mpaka mboga ziseme basi!"

Kule bondeni akanyoosha mkono. Nikamwona anauvuta ubao.

Jumatatu nikashuka kwenda kuchukua fungu langu la mchicha, kama kawaida. Nikamkuta wifi amekalia ndoo iliyopinduliwa, katikati ya shamba, mikono magotini. Shamba lote lilikuwa limepauka. Majani yamekuwa manjano katikati na meupe pembeni, yamejikunja, na ukiyagusa yanabaki mkononi. Hata magugu yalikuwa yamekufa. Nilisimama pale na kikapu changu kama mjinga.

"Umeona?" akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Yule muuza mbegu kaniua. Mbegu zimeoza tangu kwenye pakiti."

"Zote, wifi? Na kabichi pia?"

"Sasa nimseme nani? Maji yako niliyatazama mwenyewe, hayakuwa na kitu. Tena yalinukia usafi, kama sakafu ya hospitali. Nikasema leo wifi kaziogesha mboga zangu." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Na Bwana Mazingira wa manispaa anakuja Alhamisi kukagua vibali. Akikuta hivi, mimi ndiyo basi tena."

Akainuka kunionyesha tuta la mwisho. Alikuwa amevaa gauni lake la kazi, la kijani. Gauni hilo nililitia rangi mimi, kwa mikono hii. Limefuliwa mara mia, limepigwa jua, halijawahi kupauka, na mimi hujisifu nalo kwa wateja. Sasa upindo wake wa chini, pale panapolowa akisimama mferejini, ulikuwa mweupe.

Nikauinamia, nikaushika. Wifi akadhani natafuta mdudu.

Najua kitu kimoja tu duniani kinachoweza kuing'oa rangi yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakitazama kimekaa nguoni mwa wifi yangu, na aliyekipeleka ni mimi, tena kwa kupiga kelele juu ya ukuta. Mdomo wangu usio na pazia ukafungika wenyewe. Nikamwambia pole, nikapanda na kikapu kitupu.

Bandani nikamwita Mizani pembeni. "Hakuna kumwaga dawa tena. Hata kikombe."

"Tutaiweka wapi?"

"Kwenye mapipa. Yakijaa, kwenye ndoo. Zikijaa, kichwani kwangu."

Mizani si mtu wa kufichwa. Nikamweleza. Akajifuta mikono kwenye aproni, polepole.

"Mama Rangi, nisikilize," akasema. "Mimi nimezaliwa kando ya mfereji huu. Ulikuwa unanuka mizoga, na hakuna mtu aliyekuja na daftari. Leo wanane tumepata kibarua, watoto wanaenda shule, ndiyo wanakumbuka kwamba maji yana haki. Wifi yako namwonea huruma. Lakini ukifungua mdomo huo, utatufungia mlango sisi sote. Utakuwa umemsaidia nani?"

Mchana nikaenda kumweleza mume wangu, fundi viatu, kibanda chake kiko mtaa wa pili. Nilimkuta ana misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja nikiwa naongea.

"Dada yangu wa kuzaliwa," akasema. "Unadhani siumii? Lakini mazingira hayo ni maneno ya watu walioshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nyamaza. Dada atapata kipande kingine."

"Alibeba udongo kichwani, baba watoto."

"Na wewe una watu wanane kichwani." Akachukua nyundo. "Mimi nimesema. Ila wewe lini umenisikia?"

Alikuwa na haki, na Mizani alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Ingekuwa wanasema upuuzi, ningewapandia juu siku ileile nikamaliza. Mashuka yalikuwa yamechelewa, hayakungoja Alhamisi, basi Jumanne tukafanya kazi ya dawa, mapipa mawili yamejaa. Jumatano manne, na mengine yalikuwa ya rangi, tukageukia ndoo. Wanawake wakaanza kujikwaa kwenye ndoo, wakanung'unika, mmoja akauliza kama tumeanza biashara ya maji. Nilimfokea bure, nikamwomba radhi, nikamfokea tena. Jioni nilipochungulia juu ya ukuta nilimwona wifi anang'oa mizizi mikavu, anaikusanya, anakung'uta udongo ili usipotee hata punje. Alikuwa anautunza udongo wake kwa ajili ya mtu mwingine atakayepewa.

Nililia, na mimi silii ovyo.

Alhamisi Bwana Mazingira akaja. Alikuwa mwanamume nadhifu, ana jalada kwapani na viatu vinavyong'aa, anaruka madimbwi kwa ncha za vidole. Alishuka kwanza shambani, halafu akapanda bandani na wifi nyuma yake. Kumbe mtu huyo ana ndoto yake pia. Alitueleza akiwa amesimama mlangoni. Ukingo wote wa mfereji anataka uwe na nyasi fupi na mawe yaliyopakwa chokaa.

"Mandhari," akasema. "Mgeni akipita, aone mji safi. Haya mambo ya mboga na magunia ndiyo yanayoharibu mazingira."

"Nyasi zinaliwa?" Mizani akauliza. Wanawake wakacheka chini chini. Bwana Mazingira hakucheka.

"Haya, nionyesheni maji mnayomwaga."

Kabla sijanyanyua mguu, Mizani alishampeleka kwenye pipa la dawa lililo karibu na mfereji. Alijua anachofanya. "Ya Alhamisi ndiyo haya, bwana mkubwa. Tazama mwenyewe."

Bwana Mazingira akatoa mfukoni glasi ndogo, akachota kwa tahadhari, akaiinua juani, akaizungusha. Mle ndani hamkuwa na kitu ila jua. Akainusa.

"Mnatumia na dawa ya usafi. Vizuri sana." Akaiweka glasi juu ya meza yangu, akafungua jalada. "Maji ya hapa ni masafi kabisa. Kwa hiyo kosa liko kwa mkulima. Amezidisha dawa ya wadudu. Kibali kitasitishwa, atahama mwisho wa mwezi."

Wanawake wangu wakapiga vigelegele. Siwalaumu. Tangu asubuhi walikuwa wameshika roho mkononi.

"Mimi sinyunyizi dawa," wifi akasema. "Wadudu nawaokota kwa mkono, mmoja mmoja, kila asubuhi. Uliza mtu yeyote."

"Mama, mboga hazijifii zenyewe."

Wifi akaitazama ile glasi. Akanitazama mimi. Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau mpaka naingia kaburini. Alinipa mkono.

"Hongera, wifi," akasema. "Angalau kwako pamepona. Nilikuwa naogopa watatufunga wote wawili."

Jamani! Angenitukana ningestahimili. Angenitemea mate ningejifuta. Nikashika ule mkono, umejaa nyufa na udongo, na koo langu likafunguka kwa nguvu mpaka sauti ikapaa.

"Mzee, usifunge jalada! Hayo ndiyo yaliyoua shamba!"

Mizani akafumba macho. Bwana Mazingira akatabasamu, kama mtu anayemvumilia mlevi. "Mama, maji yenyewe nimeyaona. Hayana rangi."

"Ndiyo maana yaliua! Yangekuwa na rangi, huyu angeyazibia. Tulikubaliana hivyo, rangi ndiyo hatari. Sisi tulidhani uchafu ni rangi. Na wewe mwenye jalada umedhani hivyohivyo."

Nikajifungua kilemba. Kilikuwa cha bluu, kitambaa cha kwanza nilichowahi kutia rangi kikakubali. Sikukiuza, na hakijawahi kuchuja. Nikaishika ncha yake, nikaizamisha kwenye glasi mbele ya macho yao.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Bwana Mazingira akatazama saa. Halafu bluu ikaanza kulegea. Ikawa kama anga la asubuhi, ikawa manjano hafifu, na maji ya glasi yenyewe yakabaki meupe vilevile, hayana habari. Nilipoitoa ncha ilikuwa nyeupe. Nikamwomba wifi asogee. Nikaushika upindo wa gauni lake la kijani, nikauweka sambamba na kilemba changu.

Hakuna aliyehitaji kusomewa.

"Wewe ndiye uliyeniambia nifungue," wifi akasema. Alisema taratibu, kama anajikumbusha. "Ulipanda kwenye tofali."

"Mimi."

"Na Jumatatu ulilishika gauni langu. Ulijua."

"Nilijua."

Nilitamani anipige. Akageuka, akatoka, akashuka zake bondeni bila kutazama nyuma.

Bwana Mazingira aliona haya, namshukuru kwa hilo. Akayafuta maneno yake kwa mstari mmoja mrefu, akaandika mengine. Shamba libaki na mwenyewe. Banda lifungwe mpaka yachimbwe mashimo ya kuhifadhia maji, na tone lisiende mferejini kabla hajarudi. Alipoondoka alipita katikati ya dimbwi bila kuliona.

Nikawageukia wanawake wangu. Nikawaambia, "Anayetaka kuondoka aondoke, simlaumu. Mimi naenda kutafuta jembe. Tutaivunja sakafu hii hapa chini ya kamba, tutachimba mashimo matatu, na hatutafunga banda siku moja zaidi ya inayohitajika. Nimekosea mchana kweupe, na mchana kweupe nitarekebisha."

Watatu wakaondoka. Wanne wakabaki wanatazama Mizani atasema nini. Mizani akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Nikajua nimempoteza.

"Sururu iko kwa jirani," akasema. "Jembe halivunji saruji, Mama Rangi. Hata kuchimba hujui."

Tulichimba siku kumi na tisa. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine juu yake. Mume wangu alikuja siku ya pili amenuna, na nyundo kubwa begani, akavunja sakafu mpaka jioni bila kunisemesha, na kesho yake akaja tena. Shimo la kwanza ni la kutulizia rangi. La pili tuliweka kokoto, mchanga na mkaa. La tatu ni la dawa, pana na la wazi, inakaa juani mpaka ichoke. Kilemba changu nikakikata vipande virefu, nikavitundika msumarini. Kabla maji ya shimo la tatu hayajaruhusiwa kutoka, kipande kinalala humo mpaka kesho yake. Kikipauka hata kidogo, maji hayatoki. Kikibaki bluu, tunamwagia kwanza mche wa mchicha kwenye kopo, tunausubiri siku nne. Kazi imekuwa ndefu, na wateja wengine wamehama. Wahame.

Siku zote hizo wifi hakunisemesha. Lakini kila asubuhi alipanda, akasimama kwenye ukingo wa mashimo, akatazama, akainusa hewa, akashuka. Siku moja alikuta kipande cha kilemba kina doa jeupe dogo kama punje ya mchele na mimi sijaliona. Akalinyooshea kidole tu. Nikayarudisha maji.

Bwana Mazingira akarudi, akakagua, akatia sahihi. Safari hii hakutoa glasi. Aliomba kipande cha kilemba.

Wiki sita baadaye, saa nne asubuhi, tunakamua mashuka, wifi akaingia bandani. Alikuwa amevaa gauni lilelile lenye upindo mweupe, na mkononi ana fungu la mchicha, mizizi bado ina udongo. Akalibwaga juu ya meza yangu, palepale alipobwaga kabichi ya zambarau.

"Wa kwanza," akasema. "Umeota kwa maji yako. Wanaoungojea sokoni wana watoto. Kwa hiyo kula wewe kwanza."

Mizani akaacha kukamua.

"Nikauchemshe?"

"Mbichi. Hapahapa."

Nikachukua jani la juu, nikalitafuna. Nikachukua la pili. Nikala majani yote, nikala na mabua, wifi amesimama mbele yangu amekunja mikono, anahesabu kwa macho. Udongo ulilia menoni, nikaumeza. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Nilipomaliza akaokota mzizi uliobaki mezani, akautia mfukoni.

"Kesho nitaleta mwingine," akasema.

"Lete, wifi," nikamwambia. "Nitaula."